Bando langu, tangazo lako

Juzi nikiwa kwenye daladala nilitafuta namna ya kutoa doa la mafuta kwenye kanzu ya mume wangu. Tovuti ikafunguka. Kabla sijasoma hata mstari mmoja, video ya kamari ikaanza kupiga kelele, abiria wote wakanigeukia. Alama ya kufungia ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Nikaigusa kwa kidole gumba, nikajikuta kwenye ukurasa unaonipongeza kwa kushinda simu. Bando likaliwa, doa likabaki. Usiku huohuo nikaweka kizuia matangazo.

Shoga yangu mwenye blogu ya mapishi aliposikia hakupepesa macho: "Basi shoga, wewe ni mwizi mstaarabu."

Neno lile liliniuma, kwa sababu najua anavyopika. Pilau moja huirudia mara tatu ndipo aiandike, na gesi ananunua mwenyewe. Kinachomrudishia ni hayo matangazo tu.

Hata hivyo wizi siuoni. Ukisimama kwa muuza magazeti Kariakoo ukasoma vichwa vya habari vyote kisha ukaenda zako, nani atakupigia yowe? Redio ikifika kwenye tangazo ukainuka kuangalia sufuria, umedhulumu nani? Tena tangazo la redio halinitozi kitu. Hili la mtandaoni nalilipia MB mimi, nalo linanichunguza napenda nini, linanifuata hadi tovuti nyingine. Mwezi wa Desemba 2022 FBI yenyewe, shirika la upelelezi la Marekani, iliwashauri watu watumie vizuia matangazo wanapotafuta vitu mtandaoni, maana matapeli walikuwa wakinunua matangazo na kujifanya kampuni halali.

Kinachonisumbua ni kisa cha Marco Arment, mtengeneza programu wa Marekani. Septemba 2015 alitoa Peace, kizuia matangazo cha iPhone, kwa dola 2.99. Ikapanda hadi kileleni kati ya programu za kulipia. Baada ya siku mbili tu akaiondoa sokoni mwenyewe, akaeleza kwamba mafanikio yale hayakumpa raha: programu ilikuwa inawaumiza na wasiostahili kuumizwa. Wanunuzi wakarudishiwa pesa zao. Mtu kaacha donge nono namna ile! Na alikuwa na hoja, kwani jembe hili linafyeka magugu na mchicha pamoja.

Wenye Adblock Plus, kizuia matangazo cha Ujerumani, wao tangu 2011 wana orodha ya matangazo "yanayokubalika". Yakiwa ya staha yanapita, ila kampuni kubwa hulipia kupita huko. Mwaka 2018 mahakama ya juu ya shirikisho huko kwao ilisema biashara yao haivunji sheria. Sawa, lakini mimi mlinzi wa geti anayelipwa na wageni simwamini.

Basi nikaamua kumfungulia shoga yangu peke yake. Nikazima kizuizi kwenye blogu yake, nikaingia kwa moyo mweupe. Juu ya pilau yake likanitokea tangazo la kwanza: kamari ileile, na kelele zilezile. Nikampigia.

"Wala sijui limefikaje hapo," akasema. "Wanaweka wao."

Nikamtumia elfu tano ya gesi kwa simu, nikakiwasha tena.