Bustani za umma: fedha za ukarabati hupatikana, za utunzaji je?

Kila panapozungumziwa ukarabati wa bustani za umma, ubishi huanza na mlipaji: gharama ibebwe na serikali kwa fedha za kodi, au wakaribishwe wafadhili binafsi? Ni swali la haki, na pande zote mbili zina hoja nzito. Wasiwasi wangu ni kwamba hutumalizia muda, tukasahau kuuliza mtunza bustani atalipwa na nani mwaka wa kumi baada ya utepe kukatwa.

Wanaotetea kodi huanza na usawa. Bustani ya umma ndiyo ua wa asiye na ua. Humo mtoto anayeishi ghorofani hupata pa kukimbia, na mzee hupumzika kivulini bila kuulizwa tiketi. Birkenhead Park ya Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1847, ilijengwa kwa fedha za umma, na sehemu ya gharama ikarudishwa kwa kuuza viwanja vya nyumba pembezoni mwake, ambavyo thamani yake ilipandishwa na bustani yenyewe. Hata hivyo, huko huko Uingereza sheria haizilazimishi halmashauri kutunza bustani kama inavyozilazimisha kuwahudumia wazee wasiojiweza na watoto walio hatarini; kwa hiyo bajeti inapobana, fungu la bustani huwa miongoni mwa yanayokatwa mapema. Siwalaumu madiwani wanaolazimika kuchagua hivyo, ila uchaguzi huo unaonyesha kwamba kodi peke yake ni nguzo inayotikisika.

Upande wa pili hutaja Central Park ya New York. Miaka ya 1970, jiji lilipokaribia kufilisika, nyasi za bustani hiyo zilikwisha zikabaki vumbi. Mwaka 1980 likaundwa shirika lisilo la kiserikali, Central Park Conservancy, ambalo leo huchangisha sehemu kubwa ya bajeti ya kutunza eneo hilo la hekta 341 hivi. Mwaka 2012 tajiri John Paulson aliahidi kulipatia dola milioni 100. Wakosoaji hujibu kwamba bustani hiyo imezungukwa na makazi ya wenye nacho, ilhali viwanja vidogo vya mitaa maskini ya jiji hilo hilo havina majirani wa namna hiyo, na kwamba mtoaji mkubwa hatimaye hutaka kusikilizwa kuliko mkazi wa kawaida. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini kukataa mchango wa tajiri hakuupatii mtaa maskini hata mche mmoja. Linalowezekana ni kudai sehemu ya michango iende kwenye mfuko wa bustani zote, na maamuzi ya matumizi yabaki mikononi mwa chombo cha umma.

Hata hivyo, fedha za mradi, zitoke kwa nani, zina tabia moja: hupenda kipya. Chemchemi mpya hupigwa picha. Mfereji uliozibuliwa haupigwi. Na mfereji ndio wenye kuamua. Majani yakijaa kwenye kichujio chake, mvua mbili tatu hupitisha maji juu ya njia ya miguu, kokoto huchukuliwa, mizizi hubaki wazi, na mwenye kiti cha magurudumu anakuwa amefungiwa nje pasipo lango kufungwa. Kazi ya reki na saa moja kwa wiki sasa inahitaji mkandarasi.

Ndiyo maana nauona uzito wa sharti lililowekwa na mpango mmoja wa ruzuku za bahati nasibu ya taifa ya Uingereza: mwombaji alitakiwa kuwasilisha mpango wa utunzaji wa miaka kumi. Sharti hilo lina kasoro, kwani halmashauri isiyo na wataalamu wa kuandika mipango huweza kukosa ruzuku inayoihitaji kuliko nyingine. Milton Keynes, mji wa huko huko Uingereza, walikwenda mbali zaidi mwaka 1992, walipoikabidhi bustani zao taasisi ya wakfu na kuipa majengo ya biashara ili kodi ya pango igharamie matunzo. Ni mfumo mzuri, ingawa huhitaji mtaji mkubwa tangu mwanzo.

Pasipo mtaji huo, mfadhili au serikali inaweza angalau kutenga sehemu ya kila ruzuku kwa ajili ya mishahara na vipuri, na kuwalipa wataalamu wa kuzisaidia halmashauri dhaifu kuandika mipango yao. Mradi ambao hauonyeshi fungu hilo ningeuahirisha, hata kama fedha za ujenzi zimeshaingia benki.