Simba ya kijana mwenye usonji

Katika boma la Wajaluo, mvulana akibaleghe hupata simba yake, kibanda karibu na lango. Hulala humo na kupokea rafiki zake humo, ila chakula anakula kwa mama. Nimeikumbuka sana simba hiyo tangu ubishi ulipozuka katika familia yetu hapa Kisumu: mpwa wangu mwenye usonji (autism), aliyetimiza miaka 21, apangishiwe chumba chake au aendelee kulala kwa mama yake Nyalenda?

Dada yangu hakutaka hata kusikia, na sababu zake si woga mtupu. Kifafa huwapata wenye usonji mara nyingi kuliko watu wengine, na kijana wetu ameshaanguka mara mbili. Nani atamwacha usiku peke yake na jiko la makaa? Kisha kuna ziwa. Wengine wenye usonji huondoka nyumbani bila kuaga, maji huwavuta, na kufa maji ni hatari inayojulikana. Kutoka kwake hadi Dunga, ufukweni, ni mwendo wa miguu tu. Halafu kuna binadamu. Kijana huyu anaijua M-Pesa kunishinda mimi, lakini alimtajia jirani namba yake ya siri kwa kuwa aliulizwa. Kwake, swali ni la kujibiwa.

Kaka yetu mkubwa naye alimkabili dada: "Ukifumba macho leo, kesho ataamkia kwa nani?" Ni swali la kikatili, na dada hakuwa na jibu. Serikali haimsaidii sana kulipata. Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa, na kijana anayetembea na kuongea huenda asihesabiwe kabisa. Shule nazo zina umri wake. Ukipita, mtoto anarudi nyumbani kukaa.

Naona wote wawili walikuwa wanabishania jambo lisilokuwepo: kuishi peke yako. Nani hapa anaishi peke yake? Mimi na mvi zangu bado napikiwa. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, kifungu cha 19 kinazungumzia haki ya kuchagua unaishi wapi na unaishi na nani. Upweke haumo. Simba ina mlango wake na ina njia ya kurudi kwenye chungu cha mama. (Wapo wasioongea, wanaohitaji mkono wa mtu saa zote, kwao chumba si hoja ya kwanza, hoja ni mtunzaji wa pili atakayewazoea mapema.)

Kwa bahati, chumba kilikuwa kimebaki wazi kwenye ploti hiyo hiyo, milango mitatu kutoka kwa dada. Kazi ikawa ni kumfundisha. Dada mdogo wa kijana alianzia mwisho: yeye anachemsha maji, anasonga ugali, kijana anaugeuza tu kwenye sahani. Kwa hiyo kila siku kijana ndiye anayemaliza. Alipozoea, akaachiwa na kusonga, kisha na kutia unga. Ukianza na maji, anachoka kabla hajaona chakula. Kiberiti bado kinakaa kwa mama, na hapo namuunga mkono. Kuhusu namba ya siri, kumwambia "usijibu" hakukufaa kitu. Alipewa jibu: "Muulize mama." Sasa analitoa hata akiulizwa saa ngapi, lakini hiyo ni hasara ndogo.

Kwa sasa hulala chumbani kwake Ijumaa na Jumamosi. Siku hizo dada yangu hafungi komeo la mlango wake. Jumamosi iliyopita alfajiri alipiga hodi na kusukuma mlango papo hapo. Kijana akaketi kitandani, akamwambia: "Toka kwanza, mama. Sijasema karibu."