Anayesema "tutafungua tumbo" asidharauliwe

Upasuaji wa matundu madogo umewafaa wanawake wengi wenye fibroidi, uvimbe wa kizazi usio saratani. Kovu ni dogo, maumivu hupungua, na wengi huruhusiwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Hilo sibishi. Ninachobisha ni dhana inayoenea mijini kwamba daktari anayependekeza kufungua tumbo amepitwa na wakati.

Wanawake weusi hupata uvimbe huu mapema zaidi, mwingi zaidi na mkubwa zaidi. Wengi wetu huenda hospitali tumbo likishaonekana kama la mjamzito. Daktari wa matundu hufanya kazi akitazama skrini, vyuma virefu mkononi. Kizazi chenyewe hakigusi kwa vidole. Aliyefungua tumbo hukipapasa kwa vidole na kukuta vivimbe vilivyojificha ndani ya ukuta, ambavyo ultrasaundi haikuvionyesha. Vikiachwa, huweza kukua. Halafu kuna kushona: jeraha lenye kina hushonwa tabaka kwa tabaka, na kwa anayetaka kuzaa, mshono dhaifu unaweza kupasuka akiwa mjamzito. Ni nadra, lakini likitokea huhatarisha mama na mtoto.

Na uvimbe mkubwa hutokaje kwenye tundu la sentimita moja? Kwa miaka mingi ulisagwa humo humo tumboni kwa kifaa cha umeme. Aprili 2014, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitahadharisha kwamba katika kila wanawake 350 hivi wanaopasuliwa kwa ajili ya fibroidi, mmoja ana sarkoma, saratani ambayo haikugunduliwa kabla ya upasuaji, na kusaga huweza kuitawanya. Wataalamu wengi waliona hesabu hiyo imezidishwa. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2017 yalikadiria kwamba aina yake moja iliyo kali, leiomyosarkoma, hupatikana kwa idadi kati ya chini ya mmoja na 13 katika kila wanawake 10,000 wanaopasuliwa. Tuchukue hiyo 13: ni mmoja katika 770 hivi. Kwangu bado si namba ya kupitwa haraka, kwa sababu hakuna kipimo cha uhakika cha kumtambua mapema.

Watetezi wa matundu wana hoja nzito pia: kufungua tumbo nako huongeza hatari ya maambukizi na damu kuganda. Na tangu 2020 FDA inataka kusaga uvimbe kufanyike ndani ya mfuko maalumu tu, tena si kwa aliyekoma hedhi au aliyezidi miaka 50. Kwa hiyo anayeahidiwa matundu aulize: uvimbe wangu utatolewaje, na huo mfuko mnao?