Neno la mwisho si la Mozart

Juzi usiku nilisikiliza rekodi tatu za konseto ya Mozart ya D maina, muziki wa piano na okestra, ile K. 466 (namba yake katika orodha ya kazi za Mozart), moja baada ya nyingine. Wapiga piano watatu, okestra tatu. Mmoja anakimbia, mwingine anajivuta, wa tatu anabembeleza. Tulipofika kwenye kadenza ya sehemu ya kwanza, wote wakapiga kitu kilekile, noti kwa noti: kadenza ya Beethoven. Nilicheka, halafu nikaudhika.

Kwa asiyeijua kadenza: karibu na mwisho wa sehemu, okestra inapanda na kusimama ghafla, sauti ikining'inia kama sentensi iliyokatizwa. Wapiga fidla wanashusha pinde. Mpiga piano anabaki peke yake, azichukue nyimbo zilizopita azichezee atakavyo, kisha kwa kawaida apige trili ndefu, noti mbili jirani zikipishana kwa kasi, na wenzake wajue zamu yao imefika. Aliyezoea taksimu katika taarab ya Unguja, pale mpiga kanuni anapoachiwa uwanja, hatapata taabu kuelewa. Ladha ni nyingine kabisa, ila ule ukimya wa wenzake wanaomsikiliza ni uleule.

Kadenza ya Mozart mwenyewe kwa konseto hii haikutufikia. Ilipigwa mara ya kwanza Vienna, ukumbi wa Mehlgrube, tarehe 11 Februari 1785. Baba yake, Leopold, alikuwapo, na alimwandikia bintiye kwamba walipofika mnakili alikuwa bado ananakili, na Wolfgang hakupata hata nafasi ya kuipitia rondo, yaani sehemu ya mwisho, maana alikuwa akisimamia kazi hiyo. Sasa niambie mtu kama huyo alikaa wapi kuandika kadenza. Naamini aliitoa vidoleni palepale, na ikaishia hewani.

Beethoven aliandika yake mnamo 1809, Mozart akiwa amekwisha kufa miaka 18 nyuma. Ni kali. Mngurumo wa besi uliofungua konseto unarudi, safari hii katika mkono wa kushoto wa piano, na ule wimbo laini anaupeleka mpaka B meja, mbali kabisa na D maina, nyumbani kwa konseto. Hajifanyi Mozart hata kidogo. Unamsikia mtu wa zama nyingine ameingia chumbani na viatu vyake, na ndiyo raha yenyewe.

Ndipo ninapogombana na wenzangu wapenda muziki. Mpiga piano kijana akithubutu kupiga kadenza yake, wanamwambia haifanani na mtindo wa Mozart. Ya Beethoven inafanana? Angeileta leo bila jina lake juu ya karatasi, wangemrudisha nyumbani akajifunze. Tumeichukua jeuri ya mtu mmoja tukaigeuza sheria, na nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili ya anayepiga usiku huo ikawa shairi la kukariri.

Wa zamani hawakuwa na hofu hii. Kisa ninachokipenda ni cha Clara Schumann, mpiga piano na mtunzi wa Kijerumani. Mwaka 1891, akiwa mzee, alikuwa akitayarisha kadenza zake za konseto hiihii zichapishwe. Akipekua karatasi za zamani akakuta kadenza ambayo rafiki yake, mtunzi Brahms, aliiandika ujanani, na akashtuka: vipande alivyokuwa akivipiga miaka yote kama vyake vilikuwa vya Brahms. Akamwandikia, kwa aibu, kumuuliza kama aweke jina la Brahms kwenye chapisho. Brahms akamjibu aachane na jambo hilo, kwani kwa hesabu hiyo yeye naye ingembidi aandike jina la Clara juu ya nyimbo zake zilizo bora. Na kwenye ile karatasi ya Brahms, Clara aliacha maelezo kwamba Brahms ndiye aliyeanza kuchota kutoka kwenye kadenza ya Clara. Nani kamwibia nani? Wawili hawa walishayachanganya maji zamani, na Mozart ndiye aliyewapa mtungi.

Britten, mtunzi wa Kiingereza, naye alimwandikia mpiga piano Sviatoslav Richter kadenza za konseto nyingine ya Mozart, K. 482, mwaka 1966, na mpiga piano Glenn Gould akajiandikia zake za konseto ya kwanza ya Beethoven, moja ikiwa fyugi, wimbo mmoja ukifukuzana na wenyewe katika sauti kadhaa, iliyosokotwa kwelikweli. Ya Gould siipendi. Afadhali hiyo, hata hivyo, kuliko kusinzia.

Beethoven huyuhuyu, kwa muziki wake mwenyewe, alikuja kufunga mlango. Katika konseto ya tano aliandika kwa Kiitaliano kwamba kadenza isipigwe, mpigaji aunge moja kwa moja. Hiyo ni haki ya mwenye nyumba. Mozart hakuufunga wake.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Katika sehemu ya kwanza ya K. 466, kadenza ikiisha, piano hairudi. Okestra inamalizia peke yake. Katika konseto nyingine, K. 491, Mozart aliirudisha piano baada ya kadenza, hapa hapana. Kwa hiyo neno la mwisho la piano katika sehemu hii, kila inapopigwa duniani, si la Mozart.

Niliwahi kumsikia mwanafunzi mmoja, ukumbi mdogo, viti nusu vitupu, akipiga kadenza aliyoitunga mwenyewe. Katikati alipotea. Akarudia kipande kilekile mara tatu akitafuta njia, na mpiga selo wa mbele akageuza shingo kumtazama. Mara akaipata trili, ndefu kupita kiasi, okestra ikaingia. Akaweka mikono mapajani, inatetemeka, huku muziki ukififia polepole mpaka ukabaki mnong'ono.