Tonto, pombe yetu ya ndizi, nayo ijengewe nyumba

Basi letu la wavunaji wa zabibu likipita Ysios, nje kidogo ya Laguardia, kaskazini mwa Hispania, mimi hugeuza shingo. Kiwanda hicho cha mvinyo alikichora msanifu majengo Santiago Calatrava, kikafunguliwa 2001. Kina urefu wa karibu mita 200, paa linapanda na kushuka kwa mawimbi yanayofuata milima ya Sierra de Cantabria nyuma yake. Paa lenyewe ni alumini juu ya boriti za mbao. Jamani, ni mabati!

Mabati tunayo. Ila kwetu Masaka, Uganda, tonto bado inakamuliwa nyuma ya migomba, chini ya mabati yenye kutu, na wateja wanapitia uchochoroni kama wezi. Jajja, mzee wa nyumbani kwetu, alikanyaga mbidde, zile ndizi za pombe, pamoja na majani makavu hadi maji yakatoka, akachanganya na mtama uliokaangwa, akamimina kwenye mtumbwi wa mbao wa kuivishia pombe na kufunika kwa majani ya mgomba. Alijua kwa kunusa tu kama imeiva. Ufundi wote huo, na hana hata ukuta!

Najua mtasema nimeonja Ulaya, sasa nawadharau. Anayeidharau Uganda ni tajiri anayejenga baa ya vioo Kampala, jua la saa nane likaoka wateja mle ndani, halafu anaona aibu kuuza tonto.

Mwingine atauliza: dawa hospitalini hakuna, wewe unataka majumba ya pombe? Ndiyo, nataka, kwa sababu pombe hiyo ndiyo ilitulipia karo. Elciego, kijiji jirani na hapa, msanifu Frank Gehry alichora hoteli ya kiwanda cha mvinyo cha Marqués de Riscal, iliyofunguliwa 2006, na wageni wanatoka mbali kulala na kununua chupa palepale.

Na msiseme hatujui kujenga. Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda, iliungua 2010, mafundi wetu wakaiezeka upya kwa nyasi.

Paa la Ysios lilivuja mpaka wakapelekana mahakamani, kwa hiyo siombi paa hilo. Naomba matofali yetu ya kuchoma, matundu ya kupitisha upepo, sakafu inayooshika, na mtumbwi uwekwe katikati, mteja aone kinywaji chake kikitengenezwa. Makerere wanafundisha usanifu majengo. Wapeni wanafunzi kazi hiyo, na mpishi wa tonto akae nao mezani tangu mstari wa kwanza wa ramani.