Kikao cha shehia kimekwisha, karo bado linamwagika

Hebu tuambizane ukweli, maana kwenye barza kila mtu fundi wa kusema ila kwenye kikao watu wanaangalia saa. Shehia yetu, yaani mtaa wetu kiserikali huku Zanzibar (jina silitaji, wanaoijua wanaijua, na wengine mtadhani nasema yenu kumbe na kwenu ndo yale yale) ilikaa kikao kabla ya masika, kwenye darasa la skuli, ajenda tatu, usalama, taka na maji ya mvua. Usalama ulikwisha haraka, vijana wa maskani wapunguze muziki baada ya isha, haya. Taka tukazunguka pale pale pa siku zote, kontena linajaa gari haliji, gari likija linachukua nusu, mjumbe mmoja akatukumbusha kuwa taka za mji zinapelekwa mpaka Kibele na Kibele ni mbali, basi tukakumbuka, tukanyamaza.

Ajenda ya tatu ndo iliyonifanya niandike haya.

Imeandikwa "maji ya mvua" lakini kila aliyekuwemo mle alijua tunazungumza makaro, yale mashimo ya maji machafu ya chooni. Kwa asiyekaa mtaa kama wetu, nyumba nyingi huku Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na zaidi huku mji unakotanukia hazijaungwa na bomba lolote la maji machafu, kila mtu kachimba karo lake ubavuni mwa nyumba au uani. Karo likijaa unaita gari la kunyonya, unalipa, mambo yamekwisha. Au hulipi, unasubiri mvua. Sasa wapo watu wametoboa karo kwa juu, wamepitisha kibomba mpaka kwenye mtaro, kibomba kimezibwa kwa tambara na jiwe, na mbingu ikinguruma usiku wa manane kuna wanaoamka kusali na kuna wanaoamka kutoa jiwe. Asubuhi mvua imekatika, mtaro umejaa mpaka juu, rangi yake sitaki kuisema mtu asije akawa anakula, na watoto wanavuka mle mle viatu mkononi kwenda chuo cha Kurani.

Na hili si jambo la kusema ah, ni harufu tu itaondoka. Zanzibar inaijua kipindupindu tangu karne ya kumi na tisa, na tangu 1978 miripuko imekuwa ikirudi rudi. Mripuko ule wa 2015 kuingia 2016 wengi tunaukumbuka vizuri, skuli zilifungwa, uuzaji wa vyakula na juisi njiani ukapigwa marufuku, mama anayeuza urojo jioni ili watoto walale wameshiba akaambiwa asitoke na meza yake. Yeye ndo aliyelipa, wala hakutoa jiwe kwenye karo la mtu. Hilo huwa linaniudhi kuliko yote, hasara ya mambo haya haiendi kwa aliyeyafanya.

Serikali nayo tuipe haki yake pale ilipofanya. Mitaro mikubwa ya mradi wa huduma za mji, ZUSP, ule wa fedha za Benki ya Dunia, imesaidia, aliyekuwa anapita Mwanakwerekwe miaka ile mvua ikinyesha anajua pale palikuwa ziwa, gari zinazima katikati na watu wanashuka na suruali magotini. Lakini mtaro mkubwa ni kwa ajili ya kupokea, mtaro mdogo wa uchochoroni ndo unaopeleka, na wa uchochoroni hauna mradi wala mfadhili, una sisi tu. Sisi tumeujengea barza juu, tumeegesha Vespa juu, mmoja kaweka banda la kuku.

Turudi kwenye kikao. Bi Sheha, ndo mkuu wa shehia, akauliza kwa upole kabisa, "Jamani, hili la makaro tunalifanyaje?" Kimya. Darasa zima linatazama ubao. Watu hamsini na kitu tumekaa kwenye vidawati vya watoto, magoti yamegusa videvu, na hakuna hata mmoja asiyejua ni nyumba zipi, maana harufu ina anwani. Mwisho kijana mmoja akasimama akasema si tuzitaje tu. Pale mzee mmoja, mtu wa heshima zake, akamwambia, "Mwanangu, nikamtaje vipi jirani yangu, mtu tunazikana?" Na kweli, darasa zima likaitikia, eeh, tunazikana, akakaa.

Mie namuelewa mzee wangu. Mtaa wetu unaishi kwa hilo, ukifiwa hungoji kuita mtu, ukitoka nje unakuta turubai limeshafungwa na vijana wanabeba majamvi, na huyo mwenye karo ndo wa kwanza kufika na gunia la mchele. Huyo utamsimamia kwenye kikao umwambie mbele ya watu wewe unatumwagia kinyesi? Hapana mwenye uso huo. Muhali, ile haya ya kumkwaza mtu wako wa karibu, unatushika kooni. Kwa hiyo watu wanafanya nini, wanaandika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa mafumbo tupu, "wengine wajirekebishe", "tusifanye hivi jamani si uungwana", na kila mtu anaweka kidole gumba akiwemo mwenyewe mwenye karo. Mwengine akaenda kuandika kwenye ule mfumo wa malalamiko wa Sema na Rais. Yaani uchochoro wenyewe vespa mbili hazipishani, jirani umbali wa kurusha ndala, mtu anaona wepesi kumfikishia Rais kuliko kugonga mlango wa nyumba ya pili.

Basi kikao kikaamua (nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu) kwamba wajumbe wa baraza la shehia wapite nyumba hadi nyumba kuangalia mabomba yanayotokea mtaroni, kila bomba lizibwe kwa zege, na kila nyumba ichange kidogo tupate mifuniko na kuzoa tope kabla mvua hazijaanza. Karani akaandika kwenye kaunta buku, tukapiga makofi, ikaombwa dua, tukatoka tunapongezana. Masika yakaja. Mjumbe hajapita, zege halijakorogwa, mchango wengine tumetoa wengine hawajatoa na hao tuliotoa hatujui uko wapi, sisemi umeliwa, nasema hatujui.

Nikaenda kwa Bi Sheha nilipokuwa na shida ya barua, nikaona niulize huku huku. "Shikamoo Bi Sheha, yale tuliyokubaliana kikaoni yamefikia wapi?" Akaniambia marahaba mwanangu, daftari limo kabatini, ufunguo anao karani, karani kenda shamba. Nikacheka, na yeye akacheka, tukaagana. Sitaki mtu achukue maneno haya akamtie ubaya mama wa watu, maana sheha anaamshwa usiku kwa ugomvi wa mke na mume, anaitwa kituoni kudhamini, hupati kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi bila ya kupita kwake, huungiwi hiki hulipwi kile bila barua yake, posho anayopewa na kazi anayofanya haviko nyumba moja. Ukija wakati wa kuandikisha wapiga kura ndo usiseme, vyama vinamuandama, upinzani unasema sheha wa chama tawala, wenye chama wanasema sheha mzembe, hapo hapo nyumbani kwake foleni imefika barabarani.

Wapo wanaosema dawa ni sheha apigiwe kura. Hoja wanayo. Kwa sheria ya tawala za mikoa ya 2014 sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na lile baraza lake la ushauri la watu 12 sie wakaazi hatulipigii kura pia, ukilinganisha na wenzetu wa Bara ambao 27 Novemba 2024 walipanga foleni kuchagua wenyeviti wa mitaa na vijiji. Ukiteuliwa kutoka juu unatazama juu, hilo halina ubishi. Lakini nikikaa nikifikiri karo, mie naona kura peke yake haitoi jiwe wala hairudishi. Sheha wa kuchaguliwa atahitaji kura za nani? Za huyo huyo mwenye karo, na mkewe, na wanawe watano, na ukoo mzima uliojaa ule uchochoro. Muhali utakuwa na hesabu ndani yake. Diwani tunamchagua, mbona hajaja kutuonyesha kidole cha mtu?

Ninachokitaka mie ni kidogo na hakina gharama. Lile daftari lisomwe. Kikao chochote kikianza, kabla ya ajenda, kabla ya soda na biskuti, karani asimame asome tuliyokubaliana mara iliyopita, neno kwa neno, nani alipewa kazi gani na imefika wapi, na michango iliingia ngapi ikatoka ngapi. Na karatasi moja ibandikwe dukani, nyengine nje ya msikiti, nyengine pale kwenye ukuta wa skuli. Hapo muhali unageuka upande, kwa sababu hapana aliyemtaja jirani yake, karatasi ndo imesema nyumba kadhaa mabomba yamezibwa na nyumba tatu bado, kila mtu atahesabu mwenyewe na yule wa tatu atajua amejulikana. Hataki yale macho kila akienda sala ya alfajiri. Ataita fundi. Sie watu wa visiwa aibu tunaiogopa kuliko faini, hiyo faini tunajua tutamkuta mtu tunayemjua.

Mtu akiniambia hayo mageni kwetu nitambishia. Vijiji vya kusini ya Unguja zamani, kabla ya manispaa na wadi na mikoa, vilikuwa na watu wanne, wazee wanne wa mji wanaoangalia ardhi na mambo ya kijiji, na walikaa mbele za watu, neno likishasemwa pale hapana wa kusema hakulisikia. Hawakuwa na kabati. Sasa tuna shehia 388 Zanzibar nzima kwa hesabu ya sensa ya 2022, watu milioni moja na laki nane na zaidi, hatuwezi kurudi kwenye wazee wanne chini ya mti na wala sisemi turudi, mambo mengine ya zamani yalikuwa mazito kwa wanawake na wageni. Ila lile la neno kusikika na wote tungelichukua tu.

Na hapo kwenye wageni kuna jambo ambalo kikao kile kilinikera nalo na sijaona mtu kalisema.

Kuna mama mmoja mpangaji, kaja na watoto kutafuta maisha, chumba chake ndo cha chini kabisa mwisho wa uchochoro, yaani maji yote ya mtaa yakikosa pa kwenda yanakwenda kwake. Ukiingia kwake ukutani kuna mistari ya tope, wa juu umefika kwenye swichi ya taa. Friji kalipandisha juu ya matofali manne, godoro la watoto analikunja analiweka juu ya kabati kila anapotoka kwenda sokoni, masika yote, hata jua likiwa kali, kwa sababu hajui atarudi akute nini. Alisimama kikaoni kutaka kusema. Hajafika mbali, sauti ikatoka nyuma, "Wewe mpangaji bibi, mwenye nyumba wako ndo aseme." Mwenye nyumba anakaa pengine huko, ndani kwake kukavu, kikaoni hakuja. Mama akakaa. Tukaendelea kupeana nafasi sie wenye nyumba, ambao baadhi yetu ndo wenye vile vibomba.

Siku akitaka barua ya sheha anaandikwa kuwa ni mkaazi, nyumba namba kadhaa. Mchango wa mtaro ulipopitishwa alikuwa katika wa mwanzo kutoa, nilimuona mwenyewe akifungua kile kifundo cha khanga. Lakini suali la nani amwagie nani maji machafu, hilo si lake, ni la mwenye nyumba! Wallahi haingii akilini. Ukihesabu vyumba kwenye mtaa wetu sina hakika kama wapangaji si wengi kutushinda, na wao hawazikani na mtu hapa bado, hawana ule muhali wa miaka thelathini, wao ndo wangeweza kusema tunaloliogopa.

Kwa hiyo kikao kijacho, Bi Sheha, pamoja na daftari naomba na hili liingie, kila anayelala ndani ya shehia aruhusiwe kusema, na kati ya wajumbe watakaopita kukagua mabomba awemo mpangaji japo mmoja. Na kiwekwe baada ya isha badala ya alasiri, alasiri akina mama kama yule wengi wanakuwa bado sokoni na wanaume wako kwenye kahawa.