Ua Langu la Marigat

Kwanza niseme sikuiba. Lile ua nililing'oa kwenye mchanga kando ya barabara ya Marigat, mchana kweupe, mbuzi wakinitazama.

Tulikuwa tumemsindikiza rafiki yangu kupeleka mahari. Wazee walipoanza kuvutana kuhusu ng'ombe, nami sina neno la kuchangia, nikatoka kunyoosha miguu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki chache nyuma. Pale mchangani, mahali ambapo singetegemea kuona hata nyasi, nikakuta kama mkeka umetandazwa: mashina yametambaa chini pande zote kutoka mzizi mmoja, majani madogo madogo kama ya mkwaju, na maua ya manjano yenye petali tano. Mama watoto alikuwa akilalamika tangu tuhamie Free Area kwamba mlangoni petu hakuna hata jani. Nikachimba.

Kijana mchungaji akaniuliza, "Mzee, unaupeleka wapi?"

"Nakuru."

"Huko watu huendesha baiskeli?"

"Sana tu."

Akanyamaza kidogo. "Haya, safari njema."

Nikadhani ni mtoto mwenye hamu ya kuujua mji.

Mmea ulisafiri ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, mapajani mwangu, ukavuka ikweta pale Mogotio bila kunyauka. Na Nakuru uliipenda kama kwao. Watu husema hata jina la mji wetu maana yake ni vumbi. Basi vumbi lile lile linalotukohoza ndilo lililounenepesha. Asubuhi maua yanafunguka, alasiri yanajikunja, majirani wanasimama kusifu. Baadaye ukazaa vitunda vyenye miiba. Nikaona ni namna yake ya kujikinga na kuku. Nikauheshimu.

Kisha pancha zikaanza.

Ilianza bodaboda ya jirani wa nyumba ya tatu. Ikafuata baiskeli ya mwanangu, mkokoteni wa muuza maji, na toroli la mwenye nyumba. Mpira wa watoto ukatoa pumzi ya mwisho katikati ya mchezo. Aliyenawiri ni mmoja tu: fundi wa pancha pale langoni. Alinunua pampu mpya. Akaonekana akila nyama Jumanne!

Mimi ndiye mwenyekiti wa wapangaji. Nikaitisha mkutano uani, nikapanda juu ya ndoo, nikasema kwa sauti kwamba katika ploti hii kuna mtu anamwaga misumari, na kwamba mtu huyo tunamjua kwa mashavu yake. Watu wakapiga makofi. Fundi akasimama taratibu, akaja mbele, akamimina kitu kwenye meza.

"Mwenyekiti, misumari yenyewe ni hii."

Haikuwa misumari. Ilikuwa vipande vigumu vya rangi ya udongo, kila kimoja na pembe mbili kubwa, kama kichwa cha beberu. Fundi akakirusha kimoja juu. Kikaanguka pembe moja ikitazama mbinguni. Akakirusha tena, pembe ikatazama mbinguni tena. Kitunda kikikauka, akasema, hupasuka vipande vitano kama hivi, na kila kipande hungoja tairi.

"Hizi ni mbigili. Mimi ni mzaliwa wa Lodwar, nazijua kuliko jina langu."

Mbigili! Neno hilo nililisikia kanisani tu, wakisoma Isaya. Siku zote nilidhani ni jamaa za Wafilisti.

"Sasa, Mwenyekiti," fundi akasema kwa adabu iliyoniudhi, "naomba uinue mguu."

Nikateremka kwenye ndoo, nikauinua. Kwenye soli za slipa zangu zilihesabiwa 17, mbele ya umma. Kumbe kila asubuhi nilipozunguka kukagua usafi wa ploti, nilikuwa nikizisambaza mlango hadi mlango, bila kumruka mtu.

Nililipa pancha 14. Fundi akanisamehe mbili kwa kuwa, alisema, mimi ni mteja mkubwa. Mmea niliung'oa siku ile ile, lakini mbegu zake hukaa ardhini miaka zikisubiri mvua, kwa hiyo hukumu haikuishia hapo. Fundi akashauri niburute kitu laini juu ya ardhi ili miiba inase. Kitu laini tulichokuwa nacho ni godoro kuukuu la kitinda mimba wetu, lenye ramani zake zote. Sasa kila Jumamosi nalifunga kamba, naweka jiwe juu, naburuta kutoka langoni hadi choo cha mwisho na kurudi.

Wiki iliyopita mpangaji mpya alikuwa akishusha vyombo. Nikamsikia akimuuliza mtoto wa jirani mbona mzee yule anaburuta godoro.

"Yule ni Mwenyekiti," mtoto akamjibu. "Amekojoa."